Sauti Ambayo Mama Hakuituma

Juzi binti yangu alijificha ndani ya kabati la nguo la mama mkwe wangu. Nilipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni: nguo zilizokaa muda mrefu bila kuvaliwa, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na udi wa zamani uliokwishaganda kwenye vitambaa. Nikamvuta mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Mama mkwe akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Masikio yangu yalikuwa yamegeukia mlangoni, yanasikiliza kama kuna mtu anapanda ngazi.

Nyumba ya mama mkwe haina ngazi. Ngazi nilizokuwa nazisikiliza ziko Kandara, Jeddah, kwenye jengo la zamani lililojaa watu, ambako nilikulia mpaka nikawa msichana mkubwa wa kutosha kurudishwa Mombasa. Na kabati lilikuwa chumbani kwetu, mimi na Anti Mwanasha. Humo ndimo alimofanyia kazi yake.

Anti Mwanasha alifariki mwezi uliopita. Wanawake waliowahi kuishi Jeddah wana kikundi chao cha simu, na huko sasa anaitwa nyota yetu, sauti yetu, dada wa watu wote. Wanatuma maua na viganja vya dua. Nimesoma kila ujumbe huku namnyonyesha mtoto, mpaka maziwa yakakata. Mimi si mwandishi, nimeishia kidato cha nne. Lakini nilikuwepo. Nyinyi mliokuwa watoto ughaibuni, mkilazwa chumba kimoja na shangazi na binamu na masanduku, mtanielewa. Majina nimeyabadilisha. Hasira sijaibadilisha.

Anti alikuwa binamu wa mama. Kazi ya mchana ilikuwa unesi kwenye zahanati ya meno. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemshikia karatasi zake, alikuwa mwenye zahanati. Kazi yake ya kweli ilikuwa kughani mashairi. Si yale ya kuandikwa na kupelekwa redioni. Yake aliyasema kwa mdomo, anayarekodi kwenye simu, na kuyatuma kwa wanawake wetu waliokuwa wakifanya kazi za ndani kwenye majumba ya Al-Hamra, kule pwani. Wengi wao hawakuwa na siku ya kutoka. Hawakuweza kuja kwenye vikao vya wanawake, hawakuweza kuja harusini wala arobaini. Kwa hiyo Anti aliwafuata kwa sauti. Kila Alhamisi alasiri aliingia kabatini, katikati ya mabuibui na makoti ya baba ya msimu wa baridi, kwa sababu nguo zinameza mwangwi na kelele za barabarani. Anafunga mlango, mimi nabaki nje na kazi moja: mtu akigonga, nikohoe.

Alianza kila mara kwa maneno yale yale: "Wanawake wa jikoni, mpo?"

Halafu kimya kidogo, kama anayewasubiri waitike. Nami nje ya kabati naitika kwa kunong'ona, "Tupo."

Walimwagiza mashairi kama watu wanavyoagiza nguo kwa fundi. Mmoja mwanawe amefaulu mtihani, anataka asifiwe. Mwingine madam kamwita mnyama mbele ya wageni, anataka maneno ya kumrudishia moyoni, maana mdomoni hawezi. Anti alimshonea kila mtu lake. Na wao walijibu kwa sauti pia, kwa kunong'ona, na nyuma ya kila sauti maji yalikuwa yanamwagika. Mimi nilijua Al-Hamra iko kando ya bahari, nikaamini hayo ni mawimbi. Niliwaonea wivu. Nilidhani wale akina dada wanakaa ufukweni kutwa, miguu majini, wanamsikiliza Anti wangu. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba walikuwa chooni, ndicho chumba pekee chenye kitasa, na bomba wamelifungulia ili wasisikike.

Tatu alikuwa mmoja wao. Mtanzania. Jina lake si hilo, akisoma atajijua. Madam wake alimleta kwenye zahanati kung'olewa jino, na Anti ndiye aliyemshika kichwa. Baada ya siku ile Alhamisi haikutosha. Anti akawa anaingia kabatini hata Jumatatu, hata asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mashairi yale hayakuanza na wanawake wa jikoni. Yalianza na jina.

Anti alikuwa anapenda wanawake. Ninaliandika hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu kwenye kile kikundi hakuna aliyethubutu, wanaandika "hakujaaliwa kuolewa". Alijaaliwa. Alijaaliwa mtu aliyemsubiri ndani ya simu.

Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba ana hofu, na hofu kwetu ilikuwa na jina moja: ikama. Ikama ni kile kitambulisho cha mkaazi, na watu wazima wote niliowajua waliiogopa. Mlango ukigongwa, ikama. Baba akichelewa, ikama. Gari la polisi likisimama pale karibu na kituo cha zamani cha mabasi, watu wanapapasa mifuko. Kwa hiyo nilipomwona Anti anakodolea simu mpaka chai inapoa, nikafikiri ya kwake imekwisha. Siku moja nilifungua pochi yake nikaiangalia. Ilikuwa nzima. Sikuelewa. Nikaogopa zaidi, kwa sababu hofu isiyokuwa ya ikama sikuijua inafananaje.

Sasa sikilizeni kosa lilivyotokea, na wenzangu wa kule mtasema hata nyinyi mngelifanya. Kwenye majumba yale dada zetu walikuwa wanaongea Kiswahili waziwazi mbele ya wenye nyumba. Wanamteta madam huku wanamchekea. Kiswahili ndicho kilichokuwa pazia lao. Basi Tatu alikuwa jikoni anakanda unga, mikono imejaa, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, na sauti ya Anti inasema maneno ambayo mtu humwambia mpenzi wake. Kwa sauti kubwa. Nani ataelewa?

Mama mzaa bosi alikuwa amehamia pale wiki ile, kizee cha kutembelea mkongojo. Akasimama mlangoni. Akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko cha Tatu mwenyewe: "Rudia hapo."

Familia nyingi za Jeddah mababu zao walikaa pwani yetu, wakafungua maduka, wakazaa, wakarudi. Sote tulikuwa tunajua. Na bado hakuna hata mmoja aliyewahi kukumbuka jambo hilo akiwa jikoni.

Sauti ya Tatu ilifika mchana, Anti akiwa amekuja kula. Safari hii hata maji hayakuweza kuificha. "Mwanasha, nimekwisha. Bibi anajua Kiswahili. Anakijua kutushinda! Kanambia rudia hapo. Kaniuliza, huyu mwanamke ni nani, anakaa wapi. Jamani mimi nimekwisha." Anti aliisikiliza amesimama, mkono umeshika ukingo wa meza. Mama alikuwa nyuma yake na sahani ya wali. Mama akasikia yote.

Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini, akafunga dirisha, akasema, "Jina lako liko humo?"

"Liko."

"Na langu? Na la nyumba hii?"

"Dada, we husikii? Mwenzangu yuko mle ndani!"

"Nasikia. Nami nakuuliza, wangu wamo humo?"

Jioni akaja Mama Ruweida. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wetu, mwenye kupanga vikao na kusafirisha maiti, na leo ndiye anayetuma maua mengi kuliko wote. Alikuja na wenzake wawili, wakakaa sebuleni na mabuibui yao bila kuvua, kama watu waliopita tu. Baba akaambiwa akanywe chai nje. Mimi nikaambiwa nikalale na jua bado liko.

Nilikaa nyuma ya mlango.

"Wewe umetupa raha, hatukatai," Mama Ruweida alisema. "Lakini utatuponza. Yule kizee akimwambia mwanawe, mwanawe akiuliza, wataanza na simu ya msichana. Kwenye simu tumo sote. Mashairi yako yote yamo, yale ya kuwatukana mabosi yamo."

"Mliyaagiza nyinyi," Anti alisema.

"Hatukuagiza haya."

"Haya hayakuwa yenu."

"Astaghfirullah! Anasema mbele ya watu!"

"Mnataka nimwache Tatu peke yake?"

"Tatu ana Mungu," akasema mmoja wao, na sauti yake ilikuwa tamu, tamu kabisa. "Wewe omba viza ya kutoka. Urudi nyumbani kabla hawajaja."

Niliposikia viza nikajua kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ni mambo ya karatasi. Nikaenda kwenye droo ya mama, nikatoa ikama yangu, kile kikadi chenye picha yangu nimevimba mashavu kwa kulia. Nikaingia sebuleni katikati ya wale watu wazima nikampa Anti. "Chukua yangu. Mimi mtoto, hawatanikamata."

Hakuna aliyecheka. Anti alikishika kile kikadi akakitazama muda mrefu. Kisha akanivuta akanikumbatia. Akasema juu ya kichwa changu, akiwaambia wao: "Haya. Nitaondoka."

Mama alichukua laini ya simu ya Anti akaikata kwa mkasi wa jikoni. Kafili wa zahanati hakuleta ubishi, akamwombea viza ya kutoka kabisa, naye Anti akapelekwa Riyadh kwa kaka yake, Mjomba Athumani, dereva wa malori kule Al-Sulay, akae huko mpaka siku ya ndege. Kandara tukabaki tunasubiri polisi. Sijui kama mnaijua hali hiyo. Unakula huku unasikiliza. Unaoga huku unasikiliza. Mama alikuwa anazima televisheni kila nyayo za ngazini zikisimama kwenye ghorofa yetu. Mimi nilianza kukojoa kitandani tena, na hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonitisha kabisa.

Polisi hawakuja. Ilikuja sauti ya Tatu, kwenye simu ya mama, namba aliyokuwa amepewa na Anti aitumie akiwa na shida tu. Mama aliisikilizia jikoni akidhani mimi niko kwenye katuni.

"Dada, mwambie Mwanasha hakuna kitu. Bibi hakumwambia mtu. Kila alasiri ananiita chumbani kwake, anafunga mlango, ananambia weka sauti ya yule. Naweka. Analia, ananambia toka. Ndiyo hivyo tu, dada. Anasema alikuwa na mtu wake Unguja. Mwambie Mwanasha asiogope, anitafute."

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaendelea kukatakata vitunguu.

Kesho yake nilimuuliza kama amemwambia Anti kwamba yule bibi analia tu. Aliniinamia, akanishika kidevu. "Wee mtoto, hiyo habari hukuisikia. Umenifahamu? Hukuisikia."

Shule zilipofunga, baba alikuwa na vipuri vya viyoyozi vya kupeleka Riyadh, akatuchukua twende tukamuage Anti. Njia nzima, jangwa huku na jangwa huku, nilikuwa nairudia ile habari kimoyomoyo nisije nikaisahau. Nilifikiri mama amenikataza kwa sababu anataka kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, kama zawadi. Ndivyo nilivyofikiri. Mtoto humpa mamake sababu nzuri hata asipoomba.

Al-Sulay ni maghala na karakana, vumbi na dizeli. Mjomba Athumani alikuwa na chumba nyuma ya uwanja wa malori. Anti alikuwa amekonda. Alitupakulia wali, akauliza habari za shule, akacheka mahali pa kucheka. Mama akazungumza kuhusu bei ya tiketi na uzito wa mizigo. Chai ikaja, chai ikaisha. Baba akasema, "Haya, yalla, safari ni ndefu," kwa maana anataka kuondoka, na mama akasimama akatafuta viatu vyake.

Nikaelewa kwamba hatasema.

"Anti," nikasema, "yule bibi hakumwambia mtu. Analia tu. Kila alasiri. Tatu amesema usiogope, umtafute."

Mjomba aliacha kukusanya vikombe. Anti hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama.

"Ulijua?"

"Viza imeshagongwa, Mwanasha."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilijua! Nilijua, na ningekwambia ungerudi Jeddah, ungerudi kabatini mle, na siku nyingine asingekuwa kizee cha kulia, angekuwa mwingine. Mimi nina mume hapa. Nina huyu."

Huyu ndiye mimi. Nimebeba neno hilo miaka yote hii. Niliwekwa mezani kama sababu bila kuulizwa.

Anti alinyoosha mkono. "Nipe simu." Mama akampa, sijui kwa nini, labda kwa kumwonea Mjomba haya. Namba ya Tatu Anti akaiandika kiganjani kwa kalamu. Kisha akatoka nje, na sisi nyuma yake. Sikuwahi kumwona akighani. Nilikuwa nimemsikia tu, nyuma ya mlango. Alisimama katikati ya uwanja, jua limemkalia kichwani, akawasha kinasa sauti cha ile simu, akasema kwa sauti yake yote. Mikono yake ilikuwa inasema pia. Hilo sikuwa nalijua. Dereva mmoja wa Kisudani alizima injini ili asikie, japo hakuelewa neno.

Alipomaliza akamrudishia mama simu. "Mtumie."

"Hapa mtandao mafi," mama akasema. "Hakuna kabisa. Nitatuma tukifika barabarani."

Tulifika barabarani. Tulifika kituo cha mafuta, baba akashuka, na simu ya mama ikalia milio ya jumbe zilizokuwa zimekwama. Nilikuwa nimeegemea bega lake. Nikaona kidole chake kinaitafuta ile sauti. Nikafurahi. Nikaona kinaifuta.

"Bado yuko ndani ya nyumba ya watu," mama aliniambia bila kugeuka. "Wewe utaelewa ukiwa na mtoto."

Sasa ninaye mtoto, mama, na sielewi. Naijua hofu, hiyo naijua vizuri mno; nimemvuta binti yangu kwa mkono mpaka akalia. Lakini kidole kile sikielewi.

Anti alipofika Mombasa alipiga ile namba, ikawa imezimwa. Alipiga kwa miaka. Akapanda majukwaani, kwanza kwenye harusi, halafu kwenye kumbi ndogo za Nairobi, na alighani juu ya mtu anayesubiriwa asijibu. Watu walimshangilia. Wengine walimrushia chupa. Kuna ukumbi uliofunga mlango akiwa tayari nje na nguo zake za jukwaani, kwa sababu mtu alikuwa amepiga simu kuuliza kama wanajua wamemwalika nani. Alihama nyumba mara nyingi. Wale wanawake wa kikundi hawakuwahi kumfuata hata kwa salamu.

Nilipomaliza shule nilimtafuta kwa siri, mama asijue, nikamkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha ukumbi mmoja, amekaa juu ya kreti la soda anakunywa maji. Nikamwambia kuhusu kituo cha mafuta. Alinisikiliza, akacheka kicheko kifupi.

"Nilijua haikufika. Tatu angejibu hata kwa kikohozi." Akapiga funda la maji. "Tatizo lake, nilisema bila kujiandaa. Wallahi hata sikumbuki nilisemaje."

Mimi nilikumbuka. Nilikuwa mtoto wa kukariri, nilikuwa nimekariri mashairi yake yote nyuma ya mlango, na lile nililikariri uwanjani nikimtazama mdomo. Nikamghania pale pale, kwa sauti yangu mbaya. Akasikiliza kainamisha kichwa. Nilipomaliza wakaja kumwita jukwaani. Akasimama, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Ukimwona, mpe," akasema.

Sijamwona. Mama anasema niache ya watu waliokufa. Mama Ruweida anasema tuchangie kisomo. Tatu, kama uko hai, kama mtu atakusomea hapo ulipo, sauti yako hii hapa. Nimeichelewesha lakini, mbali na majina, sikuibadilisha neno:

Tatu,
leo nasema nikiwa nje.
Hakuna mlango mbele yangu, hakuna nguo mdomoni,
wanaume wananitazama na jua linanitazama,
na bado nimesimama.

Wamenambia niondoke, nami naondoka,
lakini usiseme Mwanasha alikimbia.
Sema walimbeba akiwa anageuka nyuma.

Mpe bibi salamu zangu. Mwambie
aliyoyalilia hayakuwa mabaya.
Mpikie chai, umkalie karibu,
muulize mtu wake aliitwa nani,
na akilitaja jina, usishtuke.
Lirudie.

Mimi la wangu ninalitaja hapa, mchana, mbele ya watu:
Tatu.
Kama umesikia, itika.
Hata kwa pumzi. Hata kesho.
Mimi nipo.